Sahani Haikurudi Jumatatu

Mama alinikataza kulitaja jina hili akiwa hai, na mimi nilimtii mpaka tulipomzika mwezi uliopita. Sasa ardhi imemfunika, na katazo lake naona limekwenda naye. Basi nalitaja. Saidi. Saidi mpiga rangi wa Jabe, mtaa wetu, aliyekuwa akipaka magari kwenye uwanja wa garaji ya baba yangu, na ambaye leo ana ndevu nyeupe na kiti chake kibarazani, watu wakipita wanamwamkia. Wa pili ni Dédé wa Ngagara, zamani kijana wa kusimama barabarani, leo mtu mzima mwenye nyumba Kinindo na geti linalofunguka lenyewe. Wa tatu ni kaporali mmoja. Jina lake sikulijua, ningelijua ningeliandika. Wa nne yupo, nitafika kwake. Siandiki kwa sababu nimesoma. Shule yangu iliishia mwaka huo huo ninaotaka kuusimulia, tisini na tano, nikiwa na miaka kumi na nne, na kalamu mpaka leo naishika kama sindano. Naandika kwa sababu ya sahani.

Siku ya tatu ya matanga nilikuwa nyuma ya nyumba naosha vyombo. Kwetu watu wakifiwa jirani haji mikono mitupu, kila nyumba inaleta chakula, na vyombo vya mtaa mzima vinachanganyika kwenye beseni moja. Ndiyo maana kila nyumba ina alama yake chini ya sahani: huyu herufi, yule mstari, mwingine duara. Alama tulizipaka kwa rangi ya gari, kwa sababu hiyo haitoki hata uisugue kwa mchanga. Nikageuza sahani moja ya bati, nyeupe, ukingo wa buluu, imebanduka upande mmoja. Chini nikaona nukta tatu za kijani. Nilikaa chini palepale kwenye maji. Nukta tatu za kijani ni alama ya mama yangu, na Saidi ndiye aliyezipaka, kwa rangi iliyobaki kwenye kopo, tulipokuwa bado tunamwita baba mdogo. Sahani ile niliipeleka kwake mimi, kwa mikono hii, Ijumaa moja baada ya swala, na alisema ataileta Jumatatu.

Mwaka ule hatukuwa na mambo mengi ya kufanya isipokuwa kusikiliza. Shule ilifungwa, ikafunguliwa, ikafungwa tena. Siku nyingine mji mzima ulikufa: maduka yamefungwa, barabara zina mawe na matairi, vijana wamesimama wanauliza watu wanatoka wapi na wanakwenda wapi, na jibu lako lilikuwa uso wako. Jua likikaribia kuzama kila mtu yuko ndani. Nyumba yetu ilikuwa na vyumba viwili na kimoja cha nyuma ambacho baba aliweka vipuri, na katikati hakukuwa na ukuta wa maana, pazia tu. Mtu akikohoa chumba kile, chumba hiki kinasema pole. Ndiyo maana nilijua kila kitu. Wakubwa walifikiri pazia ni ukuta. Mimi nilikuwa nimelala na mdogo wangu Rajabu, yeye anakoroma kama jenereta, mimi macho yako wazi, nasikia baba akisema na mama, mama akisema na Domitila.

Domitila alikuwa mshonaji. Alitujia mwanzoni mwa mwaka na mkasi, na viatu visivyofanana. Alikuwa amekaa Ngagara, kwenye zile nyumba za namba, yeye na mume wake, karani wa serikali. Mume walimuua mchana, mlangoni pake, kwa sababu alikuwa Muhutu katika mtaa ambao Wahutu hawakutakiwa tena. Upande mwingine wa mji Watutsi walifanyiwa hayo hayo, na mtu asiniletee hapa maneno ya nani alianza. Mimi nasimulia wa kwetu. Sisi Waswahili wa Jabe tulijiona tuko kando. Tulisema ugomvi ni wao, dini yetu haina kabila, mlango wetu uko wazi. Milango mingi ilikuwa wazi kweli, hilo silikatai. Mama alikuwa akishonewa na Domitila tangu zamani, basi alipobisha hodi hakuulizwa kitu. Alipewa chumba cha vipuri, akalala katikati ya radieta na mashine ya kushonea ya mama.

Usiku wa kwanza nilimsikia akimweleza mama. "Walijifunga vitambaa usoni, wote. Mi nilikuwa natazama chini, naogopa macho yao. Nikaona upindo wa suruali. Mushono wangu, dada. Mi nafunga uzi mara mbili halafu narudi nyuma sindano moja, hakuna mwingine Ngagara anafanya vile. Suruali ya harusi ya dada yake. Niliacha kitambaa ndani, akirefuka nimushushie."

"Ukanyamaza?" mama aliuliza.

"Apana. Nikamuita. Nikasema, Dédé, ni weye?"

Mama akasema, "Mana yanje," Mungu wangu, kwa Kirundi, yeye ambaye hakuwa mtu wa Kirundi.

Hilo ndilo lililomtafutia Domitila kifo. Mjane wa kawaida wangemwacha aende zake. Huyu alikuwa amelitaja jina. Dédé alizunguka Bwiza, alizunguka Buyenzi, anauliza mshonaji mmoja mrefu, ana kovu la pasi mkononi. Tulijua anamtafuta kwa sababu watu waliokuja garaji walisema, wanasema huku wanachagua bolti, kama habari ya mvua. Domitila hakutoka nje miezi mitatu. Alinifundisha kushona ndani ya chumba kile, mlango umefungwa, joto la kufa. "Upindo ndio mushono," aliniambia. "Mbele watu wote wanashona vizuri. We geuza nguo ndani uone mutu ni nani."

Uwanjani palikuwa na kombi. Ilikuwa ya Mzungu mmoja mwalimu aliyekaa Kinindo. Vita ilipoanza alipanda ndege na mfuko mmoja, na funguo akampa baba. "Idi, uiwashe kila juma, betri isife." Baba akaiwasha kila Ijumaa mwaka na nusu, kwa uaminifu, kama mtu anayelisha mbuzi wa yatima. Ndani ilikuwa nyumba: kitanda kinachokunjwa kikawa kiti, kabati dogo, jiko la gesi la macho mawili, meza ya kutundika ukutani. Paa lake linanyanyuka. Mtaa mzima ulikuja kuitazama. Rajabu alitaka kujua choo kiko wapi, akaambiwa hakuna, akasema basi hii si nyumba. Kwa mafundi wa kwetu ilikuwa desturi: gari ya mteja ikikaa, unaizungusha kidogo, unaita kuijaribu, na hakuna mteja aliyeona ajabu. Baba alikuwa hajawahi kuizungusha hata mpaka sokoni.

Nadhani wazo lilikuwa la mama, ingawa baba alijisifu nalo. Jumapili ni siku ya wanawake wa biashara kuvuka kwenda Uvira, ng'ambo ya mpaka, na vikapu vyao, na asubuhi ile huwa wengi mno hata askari hawaangalii karatasi vizuri. Akivuka na wao, Domitila amepona. Ila kutoka Jabe alfajiri haikuwezekana. Vizuizi vya vijana vilifunguka jua likiwa juu. Ilibidi mtu awe tayari amelala upande wa pili wa mto Rusizi. Nani alilala huko? Wavuvi, askari, na viboko. "Na wazungu," mama alisema nyuma ya pazia. "Zamani wazungu walienda na gari zao kulala ufukoni mwa ziwa Jumamosi na Jumapili. Wikendi. Mbona hiyo nyumba iko hapo nje inakula vumbi?" Baba alicheka mpaka akakohoa. Halafu akaacha kucheka. Alikuwa anamjua kaporali mmoja wa kituo cha kule, aliwahi kumtengenezea pikipiki bila malipo.

Wikendi yetu haikumgharimu mtu kitu. Petroli ilitoka kwenye chupa za Fanta, kidogo kidogo, kile kinachobaki kwenye mpira ukisafisha tangi la mteja. Kila fundi wa Jabe alikuwa na chupa zake chini ya meza na kila mteja alijua. Domitila alishona mapazia mapya ya kombi kwa vipande vya vitenge, hakuna dirisha lililofanana na lingine. Mtaani tulisema tunaenda kupunga upepo. Watu walitutania. "Fundi Idi amekuwa muzungu," walisema, "kesho utamuona na mbwa." Na ilikuwa vizuri watutanie, baba alisema, kichekesho hakina siri ndani.

Kosa lilikuja Ijumaa, na lilikuja na harufu nzuri. Mama alikuwa jikoni tangu asubuhi, anakaanga samaki wa mukeke na vitumbua, na ametandika sahani tatu. Baba akaziona.

"Mama Zaitu, safari hii haitaki sahani. Tutoke kama watu wanaenda sokoni."

"Na tusiporudi?"

"Tutarudi Jumapili saa sita."

"Wangapi mwaka huu walisema hivyo?" Mama hakugeuka, anageuza samaki. "Mi silali nje ya mtaa huu bila radhi ya jirani. Nimegombana na watu hapa, nimesema watu hapa. Nife na maneno yao shingoni?"

"Basi omba radhi kimoyomoyo."

"Radhi ya kimoyomoyo ndiyo ya nani?"

Baba alinyanyua mikono yake yenye grisi, akatoka. Hivyo ndivyo tulivyokuwa. Mwaka ambao watu walikimbia na sufuria kichwani bila kufunga mlango, mama yangu hakuweza kuondoka kabla ya kutuma sahani kwa majirani watatu na kuomba radhi kama anakwenda Maka. Akanipa ya kwanza, ya pili, na ya tatu ilikuwa ya Saidi. Akanishika kidevu. "Useme: tunasafiri, mturadhie. Wakikuuliza kitu, usidanganye. Radhi ukiichanganya na uongo inageuka laana." Mimi nikamwamini. Mpaka leo sijui kama alifikiri nimelala nyakati zile zote nyuma ya pazia, au alisahau tu.

Saidi alikuwa uani kwake, anajisugua mikono kwa mafuta ya taa. Rangi ya kijani haikuwa ikimtoka kwenye kucha.

"Hodi, baba mudogo."

"Karibu, mutoto wa fundi. Leo harufu imekutangulia."

"Mama anasema kesho tunasafiri, tunalala ziwani, muturadhie."

"Tumewaradhia, Mungu awaradhie." Akachukua kitumbua. "Fundi atavaa kaputula?"

Nikacheka. Alikuwa mtu wa kuchekesha, na alikuwa amenibeba mabegani nikiwa mdogo.

"Munalala upande gani? Kinindo, na matajiri?"

"Apana. Kule kupita daraja ya Rusizi, kwa kaporali."

"Mbali." Akala kitumbua cha pili. "Na yule mama anawashoneaga mapazia? Mutamuacha na nani?"

Nakumbuka kuku mmoja alipita, nakumbuka nilimfuata kwa macho. Hakuna mtu aliyetakiwa kujua kwamba tuna mshonaji. Na yeye anauliza kwa upole, mdomo umejaa, kama kitu cha zamani. Nikafikiri: basi anajua, basi yeye ni wa kwetu. Nikafikiri laana. Nikasema, "Anaenda na sisi."

"Na kurudi naye?"

"Yeye harudi."

Saidi alifuta mikono polepole. "Basi vizuri," akasema. "Mwambie mama sahani nitaileta Jumatatu, na kitu ndani. Sahani ya watu hairudi tupu."

Huyo mtoto aliyejibu ndiye wa nne. Mnamjua sasa.

Jumamosi tulitoka mchana. Baba alivaa kofia ya majani aliyoikuta kabatini mwa Mzungu. Domitila alikaa katikati yetu, amejifunga kanga na mtandio wa mama, na alituambia leo anaitwa Halima, mwenye kukosea atanyimwa samaki. Rajabu alikosea mara nne. Kwenye kizuizi cha daraja askari aliingiza kichwa dirishani, akaangalia mapazia, jiko, sisi.

"Munaenda wapi?"

"Wikendi, shefu," baba alisema.

"Wikendi." Askari alilirudia neno kama mtu anayeonja. "Wakati huu?"

"Watoto hawajawahi kulala karibu na maji."

Askari aliangalia kofia ya baba, akaanza kucheka, akamwita mwenzake aje aone. Wakatufungulia. Nilikuwa naona mkono wa Domitila juu ya goti langu, umetulia kabisa, kovu la pasi limefichwa na kanga. Na nilipofikiri hajaogopa nikaona goti langu mimi linauma, alikuwa amelishika hivyo.

Sasa nifike mahali ambapo kalamu inakataa. Kwa sababu ile siku ilikuwa nzuri. Nimeishi miaka mingi baada yake, nimeolewa, nimeachwa, nimezaa, nimeona hata Idd za amani, na bado siku nzuri kuliko zote maishani mwangu ni ile Jumamosi, na sijamsamehe mtu kwa hilo pia. Tuliegesha kwenye mchanga, kaporali akaja akapeana mkono na baba, akachukua samaki wawili. Ng'ambo milima ya Kongo ilikuwa karibu kama unaweza kuigusa. Baba alinyanyua paa la kombi, likakwama, akalipiga ngumi, likanyanyuka. Mama alipika chai kwenye jiko la Mzungu akasema moto wake ni mvivu. Tulikula bugali na mukeke wa jana na pilipili, tumekaa mlangoni, miguu inaning'inia nje. Viboko walikuwa wakiguna huko kwenye matete, na kila wakiguna Rajabu alimwambia baba, "Wanakuita." Domitila alivua viatu vyake visivyofanana, akapandisha kanga, akaingia majini mpaka magotini. Alisimama hapo amegeukia Kongo. Halafu akateleza, akakaa majini na nguo zake, puu, na tukamsikia anacheka. Miezi mitatu tulikaa naye nyumba moja na sikuwa najua kwamba meno yake ya mbele yana mwanya.

Kabla ya jua kuzama alikaa na mimi kwenye kitanda cha kombi, akanipa mkasi wake. Nikakataa. Akasema, "Huko nitapata mwingine. Huu umeshakujua mukono. Ila usikatie karatasi, nitajua." Nilipolala nilikuwa katikati yake na Rajabu. Nikawasikia yeye na mama wakiongea kidogo kidogo, mambo ya watu waliochoka: bei ya vitenge Uvira, binamu yake anayekaa karibu na kanisa kule, kwamba akifika atatuma neno kwa mwanamke muuza ndagala, dagaa wa ziwani. Mama akasema, "Nimekuombea radhi na wewe." Domitila akasema, "Urakoze, dada." Alimshukuru.

Asubuhi wanawake wa vikapu walikuwa wameshaanza kupita barabarani, tunaona vichwa vyao juu ya majani. Mama alikuwa anamfunga Domitila kikapu. Chai ilikuwa haijachemka. Ikaja teksi, Corolla nyeupe, ikashuka moja kwa moja kwenye mchanga, haikuzungukazunguka kama gari inayotafuta. Wakashuka vijana wanne. Wa kwanza alikuwa mrefu, hana kitambaa usoni. Siku hizo walikuwa hawajisumbui tena. "Bonjour, tantini," alisema, kama anamwamkia shangazi yake. "Umetukimbia."

Baba alisimama mbele ya mlango wa kombi. Aliita kaporali. Kaporali alikuwa pale, hatua ishirini, anapiga mswaki. Aliangalia, akatema, akageuka kuelekea ziwani akaendelea kupiga mswaki. Kijana mmoja akachukua spana ya magurudumu kutoka ndani ya kombi yetu wenyewe, akampiga baba sikioni. Baba alianguka bila sauti. Mama alikuwa anapiga kelele jina la Mungu. Mimi nilikuwa ndani, nimemkumbatia Rajabu, na kupitia pazia la kitenge niliona kwenye Corolla, kiti cha mbele, mtu ambaye hakushuka. Uso sikuuona. Niliona mkono wake umewekwa dirishani, na kucha zake zilikuwa za kijani.

Domitila hakukimbia. Angekimbilia wapi. Alimtazama yule kijana kutoka juu mpaka chini, macho yakasimama kwenye miguu, na akasema kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani kwa wanawake wa vikapu, sauti ya mtu aliye kazini: "Dédé, hiyo suruali imekuwa fupi. Kitambaa niliacha ndani. Ungeileta."

Dédé alijitazama miguu. Naapa, alijitazama. Halafu wakamchukua.

Hatukupata mwili. Baba alituendesha kurudi, damu inashuka shingoni, na sikio lile halikusikia tena mpaka alipokufa. Kombi aliirudisha mahali pake uwanjani, akatoa funguo, akazitundika msumarini, na hakuiwasha tena hata Ijumaa moja. Betri ikafa. Matairi yakaibwa. Miaka ilipopita, bati lililobaki alilinunua Saidi kwa kilo. Sitaki kusema walimpa nini kwa neno lile, kwa sababu sijui. Ninachojua ni kwamba tangu juma lile Saidi aliingia Ngagara na kutoka, anachukua magari ya kupaka, hakuna kijana aliyemgusa, na wakati sisi tunakula ugali na chumvi yeye alikuwa na kazi.

Nilimwambia mama usiku ule ule, yote, kitumbua kwa kitumbua. Sikupigwa. Ningependa ningepigwa. Alikaa kwenye mkeka wa chumba cha vipuri, akakunja mapazia yale, na akasema, "Usimtaje. Sahani nilipika mimi, ulibeba wewe. Tukimtaja yeye tutajitaja sisi." Na hakusema tena. Ila kila Idd, akihesabu vyombo kabla ya wageni, alifika kwenye zile za nukta tatu, akasema peke yake, "Imepungua moja." Miaka yote ile. Imepungua moja.

Sasa turudi kwenye matanga. Nilifuta sahani, nikaenda nayo barazani mbele. Saidi alikuwa amekaa na wazee, ameshakula, anachokonoa meno. Mke wake ndiye aliyeleta chakula na sahani ile. Maskini, ameolewa juzi juzi, anajuaje. Nikaigeuza mbele yake.

"Baba mudogo, hii ni ya nani?"

Aliangalia nukta. Macho yake hayaoni vizuri, akazigusa kwa kidole. Nikaona amezijua kwa kidole.

"Zaituni," alisema polepole, "leo si siku ya maneno. Tuko kwa marehemu."

"Ulisema Jumatatu."

Mzee mmoja akasema, "We mama, kaa chini," nikasema siketi.

"Mama yako alinipa radhi," Saidi alisema. "Unajua hilo? Mwaka ule amani iliporudi. Nilikwenda kwake, nikapiga magoti, hapa hapa. Akasema, Saidi, nimekuradhia na wewe uniradhie. Tukalia sote wawili. Uliza Mungu."

Sikumwuliza Mungu. Niliamini. Ndivyo alivyokuwa mama yangu. Alimpa, hakuniambia, na akaendelea kuhesabu sahani. Nilihisi kama nimepigwa na spana ile ile.

"Yake alikupa," nikasema. "Na baba?"

"Fundi alikuwa amekufa."

"Na Domitila? Yake ulimwomba nani?"

Saidi akachukua kikombe, kilikuwa kitupu, akanywa. Kisha mzee mmoja akaanza dua kwa sauti kubwa ili tunyamaze, na watu wote wakanyanyua mikono, na Saidi naye akanyanyua yake. Kucha zimekuwa safi sasa. Rangi imemtoka.

Sahani ninayo hapa mezani, karibu na mashine. Nimekaa nayo siku arobaini. Ni ya mama, ningeweza kuiweka kabatini na zile nyingine zikatimia, na huenda ndivyo yeye angetaka. Lakini ililetwa na chakula, na sisi tulilelewa kwamba sahani ya watu hairudi tupu. Nimeshona kitambaa cha kuifunika, kitenge, na upindo wake nimefunga uzi mara mbili na kurudi nyuma sindano moja. Mkasi ni ule ule, sijaukatia karatasi. Ndani nitaweka kurasa hizi. Kesho mchana naipeleka mwenyewe kibarazani kwake. Saidi hakusoma, na macho yamemwisha. Atawaita wajukuu wake wamsomee, na wao wanasoma vizuri, wanavaa soksi nyeupe, wataanza juu kabisa kwa sauti za shule, Mama alinikataza kulitaja jina hili, na watafika kwenye jina. Najua ni watoto. Na mimi nilikuwa mtoto nilipoibeba sahani hii.